Maboksi ya Mzee Sumaku Hayapatani na ya Watu

Kwanza alidhani ni masikio yake. Alimeza mate, akafungua kinywa na kukifunga mara kadhaa, kisha akasikiliza tena. Mwimbaji alisikika. Kinanda kilisikika, matoazi yalisikika, hata pumzi ya mwimbaji kati ya mstari na mstari ilisikika. Besi haikuwepo. Mbele yake, chini ya jukwaa, maboksi ishirini na manne ya besi yalikuwa yamepangwa bega kwa bega, taa za amplifaya zote zikicheza kijani kuonyesha kwamba sauti inakwenda, na bado ukumbi mzima ulisikika kama redio ya jikoni.

Mwanamke huyo alisimama katikati ya viti elfu nne vitupu, akashikwa na bumbuwazi. Ukumbi ulikuwa ufunguliwe kesho yake mchana, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya sauti.

Jina lake halisi lilitumiwa na mumewe tu, tena mume akiwa amekasirika. Wengine wote walimwita Binti Sumaku, hata sasa alipokuwa mama wa watoto watatu, kwa sababu baba yake ni Mzee Sumaku, na katika kazi ya kukodisha vyombo vya muziki hukuweza kumtaja binti bila kuanzia kwa baba.

Baba huyo alikuwa fundi, na hilo hata hasidi wake hakulikana. Alijenga maboksi ya besi kwa mikono yake wakati wenzake wakinunua yaliyochoka na kuyapaka rangi. Mbao alizipima mwenyewe, akaziunga kwa gundi na skrubu, akaziba kila upenyo, akafunika uso wa boksi kwa wavu wa chuma na sponji nyeusi, kisha akapitisha gundi hata juu ya vichwa vya skrubu. Debe tupu haliachi kuvuma, wahenga walisema, na Mzee Sumaku alipenda kuongeza kwamba boksi la besi ni debe tupu lililokwenda shule. Jina lenyewe alilipata kwa ajili ya kipande cha sumaku ya spika alichokaa nacho mfukoni mwa shati, skrubu zimekiganda pande zote. Akikukumbatia, unachomwa.

Na alimkumbatia sana binti yake. Mkewe alifariki mtoto akiwa bado hajaanza shule, ndugu wakakaa kikao, wakashauri mtoto apelekwe kwa shangazi. Mzee alikataa katakata. Alimtandikia godoro bandani kati ya maboksi, akamlea humo humo, na watoto wenzake walipokuwa wakicheza na wanasesere, yeye alikuwa akicheza na koili zilizoungua, zile nyaya zilizosokotwa za ndani ya spika. Alifundishwa kwamba waya nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi kabla hajajua kusoma. Siku moja aliweka nyekundu kwenye hasi, baba akampiga kofi la mkononi, si la kuumiza bali la kukumbusha. "Rangi haina mjadala," alimwambia. Ndilo kofi pekee alilowahi kumpiga.

Alipoolewa, wenzake walipewa vitanda na sufuria, yeye akapewa maboksi mawili ya besi, yamepakwa rangi ya samawati aliyoipenda. Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi harusi alilia kwa furaha mpaka wanja ukamharibikia. Maboksi mengine kumi yalifuata kadiri biashara yake ilivyokua: yeye alinunua mbao na spika, mzee akajenga. Sharti la mzee lilikuwa moja tu, asiyafungue. "Ukilifungua boksi langu hewa itavuja, na boksi likivuja hewa besi yake imekufa. Likiungua, lilete kwangu." Naye akawa anayapeleka, kwani nani atamkatalia baba jambo dogo kama hilo.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomuumiza katika kazi yake, nalo lilimuuma kama jino. Maboksi yake yalinguruma vizuri yakiwa peke yake, na vizuri zaidi yakiwa pamoja na ya baba yake. Lakini kila alipoyachanganya na ya mtu mwingine, besi ilikufa. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mkutano uwanjani, alipoungana na fundi wa mtaa wa pili. Watu wakalalamika, baba akaja na pikapu yake, akaamuru vyombo vya yule fundi viondolewe, akapanga vyake, uwanja ukatetemeka. "Unaona, mwanangu," alisema. "Vyombo vya watu ni vya watu."

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Rafiki yake waliyesoma naye alitaka wafungue kampuni moja, waunganishe vyombo, wawe dada wawili wa mjini. Walipanga maboksi yote uani wajaribu, yakasikika kama mtu anayegonga karatasi. Yule rafiki alikuwa na adabu; alisema tu kwamba huenda maboksi ya Binti Sumaku yamechoka, akaahidi kupiga simu. Hakupiga. Leo ana matawi matatu. Binti Sumaku alikwenda bandani kwa baba yake, akaketi juu ya boksi, akalia kwa kwikwi, na mzee akampangusa machozi kwa kiganja kinachonuka risasi ya kulehemu.

Tangu hapo ikawa msemo kwa mafundi: maboksi ya Mzee Sumaku hayapatani na ya watu. Wengine walisema yana wivu. Wengine walisema binti hajui kuyapanga, baba ndiye ajuaye, na huo ndio uliokuwa msemo aliouamini mwenyewe, ingawa hakuwahi kuusema kwa sauti.

Basi ukaja ukumbi huu mpya. Meneja wake, mwanamke mwenye haraka asiyemaliza chai yake hata siku moja, alikuwa amesikia kazi ya Binti Sumaku kwenye mahafali, akamwita na kumwambia maneno mafupi: apange vyombo vya ufunguzi, na vikipendeza, sauti ya ukumbi itakuwa mikononi mwake mwaka mzima. Ukumbi huo ulihitaji maboksi mara mbili ya yale aliyokuwa nayo. Alikwenda kwa baba yake kumwomba aungane naye.

"Kazi hiyo ni kubwa kwako," mzee alisema bila kuinua macho. "Waambie wanipe mimi. Utasimama chini yangu kama kawaida."

"Wameniita mimi, baba."

"Wamekuita wewe, watanisikia mimi. Kuna tofauti gani?"

Binti Sumaku akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia baba yake. Alisema hapana. Mzee hakugomba. Alipuliza vumbi juu ya meza yake, akasema, "Utanipigia simu." Alilisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomfuata binti mpaka nyumbani.

Alikodi maboksi kumi na mawili kwa Kobe. Kobe alikuwa fundi mnene, mpole, aliyepewa jina hilo kwa sababu akiulizwa swali asubuhi hulijibu mchana, lakini akilijibu, amelijibu. Vipimo vya maboksi yake vilikuwa sawa na vya Binti Sumaku, na spika zake za ukubwa uleule.

Binti Sumaku aliupanga ukumbi huo kama mtu anayepanga nyumba ya mwanawe. Aliupima kwa miguu yake. Aliketi kwenye viti vya mbele, vya nyuma, vya pembeni, na vya roshani ambako bati liko karibu na kichwa. Meneja alipoona amplifaya alizoagiza, alishtuka.

"Mbona kubwa hivyo? Hazitaunguza spika?"

"Ndogo ndiyo inayounguza, dada," alimjibu. "Ndogo ikizidiwa inapasua sauti, na sauti iliyopasuka ndiyo inayochoma koili. Ukimtuma mtu mmoja abebe kabati, atalibeba, lakini ataligonga kila mlango."

Kila mkondo wa amplifaya, yaani kila tundu la kutolea sauti, aliupa maboksi mawili tu, ingawa ungeweza kubeba zaidi, ili ubaki na pumzi. Na maboksi yenyewe hakuyagawa kulia na kushoto wanavyofanya wengi. Ukiyatenganisha, besi za pande mbili hugongana ukumbini, viti vingine vikatetemeka na vingine vikakosa kabisa. Yeye aliyapanga mstari mmoja chini ya jukwaa, tena kwa zamu: lake, la Kobe, lake, la Kobe, ili mzigo uenee sawa. Usiku wa kuamkia majaribio alilala usingizi mzuri. Mpango ulikuwa safi.

Na sasa mpango huo safi ulikuwa mbele yake, kimya.

Alizima ya Kobe, akaacha yake peke yake. Sakafu ikavuma, akaisikia kwenye magoti. Akazima yake, akawasha ya Kobe. Sakafu ikavuma vilevile. Akawasha yote pamoja, besi ikatoweka kana kwamba kuna mtu ameibeba akatoka nayo mlangoni. Alirudia. Alirudia tena. Moja na moja, katika ukumbi huo, ilikuwa sifuri.

Meneja alipita na kikombe chake. "Fundi, hiyo besi inakuja baadaye au ndiyo hiyo?"

"Inakuja," Binti Sumaku alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa wembamba.

Alikagua waya mmoja baada ya mwingine, amepiga magoti sakafuni. Nyuma ya kila boksi nyekundu ilikuwa imeingia kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi. Alikagua amplifaya. Alikagua meza ya sauti. Hapakuwa na kosa. Jasho lilimtiririka mgongoni, na kichwani mwake mlikuwa na wazo moja tu: kwamba walikuwa wakisema kweli. Hajui. Miaka yote hiyo alikuwa akiishi kwa kivuli cha baba yake, na kivuli hakipigi muziki.

Alitoa simu, akatafuta namba ya mzee. Alijua kila kitu kitakavyokwenda. Pikapu ingefika, maboksi ya Kobe yangetolewa nje, ya mzee yangeingia, ukumbi ungetetemeka, na kuanzia kesho ungekuwa ukumbi wa Mzee Sumaku. Kidole chake kilikuwa juu ya namba hiyo Kobe alipokohoa.

"Dada," alisema. "Nimekuwa nikiwaza."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi. Samahani kwa nitakalosema. Hebu geuza nyaya za upande mmoja. Za kwangu au zako, popote. Nyekundu iende kwenye nyeusi."

Binti Sumaku alimtazama kama aliyetukanwa. "Kobe, nimekagua zote. Nyekundu iko kwenye nyekundu. Unataka niiweke kwenye nyeusi nimfurahishe nani?"

"Hunifurahishi mimi. Besi yangu ikisukuma na yako ikivuta, hewa itakwenda wapi? Itabaki palepale. Geuza tu, tusikie. Ikiwa si hivyo, pigia simu yeyote unayetaka kumpigia."

Aligeuza kwa hasira, akianzia na nyaya za Kobe maana alikuwa na hakika kama kuna mwenye makosa basi ni yeye. Akarudi kwenye meza ya sauti, akafungua.

Kishindo kilichotoka hakikuwa cha kawaida. Kilipanda kutoka sakafuni, kikaingia tumboni, viti vikalia, bati likajibu, na huko nyuma kikombe cha meneja kilidondoka kikavunjika. Meneja hakugombana na mtu. Alisimama na kishikio cha kikombe mkononi, akitabasamu kama mtoto.

Kobe naye alikuwa akicheka. Binti Sumaku alitaka kucheka naye, kisha akaacha. Kama besi imekuja, basi kuna maboksi yaliyofungwa kinyume ndani. Ya nani?

"Ya kwako," alimwambia Kobe. "Lete betri."

Mafundi wana njia ya zamani ya kupima. Unachukua betri ya tochi, chanya yake unaigusisha kwenye nyekundu ya boksi, hasi kwenye nyeusi. Koni ya spika, ule uso wake unaotikisika, ikiruka mbele, boksi ni sawa. Ikirudi ndani, limefungwa kinyume. Kobe alifungua wavu wa boksi lake, akagusisha. Koni iliruka mbele. Akafungua la pili, la tatu, na yote yaliruka mbele.

Binti Sumaku alichukua bisibisi, akapiga magoti mbele ya boksi lake mwenyewe. Ilibidi aikwangue gundi ya baba yake juu ya kila skrubu, na kila alipokwangua alijiona anafanya dhambi. Wavu ulitoka, sponji ikatoka. Kobe akagusisha betri.

Koni ilirudi ndani.

Aliing'oa spika yenyewe. Ndani ya boksi mlikuwa safi kama sebule ya mgeni. Nyaya zilikuwa zimefungwa pamoja kwa uzi uliotiwa nta, fundo dogo la mzee ambalo angelitambua hata gizani. Waya nyekundu ilikuwa imelehemiwa kwenye hasi. Nyeusi ilikuwa kwenye chanya. Kazi nzuri, isiyo na haraka, haina hata tone la risasi lililozidi.

Utauliza, mafundi wote waliopita kabla ya Kobe hawakuwa na akili? Walikuwa nayo. Lakini fundi akitazama nyuma ya boksi akaona nyekundu kwenye nyekundu, hutafuta kosa mahali pengine. Na mwenye boksi akiwa mtoto wa aliyelijenga, atamshuku nani? Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, na kila siku tunatafuta mdudu kwenye nguo za jirani.

Alifungua yote kumi na mawili. Kila moja alilifungua akiomba liwe tofauti na lililotangulia. Ya miaka ya karibuni yalikuwa kinyume. Ya zamani yalikuwa kinyume. Ya mwisho yalikuwa yale mawili ya samawati, aliyopewa amevaa shela, nayo alikaa mbele yake muda mrefu kabla ya kugusa skrubu. Yalikuwa kinyume, na uzi wa fundo lake ulikuwa wa samawati pia.

Aliketi sakafuni kati ya skrubu. Hakulia. Alihisi baridi, katika ukumbi uliokuwa na joto la kuoka mkate.

Kobe alimhurumia, akamtupia kamba. "Huenda mzee alijifunza hivyo tangu mwanzo, dada. Hakusoma chuo. Mtu akijifunza kinyume, atafanya kinyume maisha yake yote na moyo wake mweupe."

Binti Sumaku aliishika kamba hiyo kwa mikono miwili. Ndiyo. Mzee hakusoma. Labda mtu alimfundisha vibaya. Lile kofi la utotoni lilimjia akilini, akalifukuza, likarudi, akalifukuza tena. Alilehemu nyaya zote upya, nyekundu kwenye chanya, akaziba kila upenyo, akarudisha spika na nyavu, na nyaya za Kobe alizozigeuza akazirudisha rangi kwa rangi. Hewa haikuvuja popote.

Siku ya ufunguzi, baba alikuja. Alikuwa ameshaalikwa, na mwaliko wa mtoto haufutwi. Aliketi safu ya mbele, suti yake ya kahawia, kofia magotini, sumaku mfukoni ikivuta shati chini. Kulikuwa na hotuba, na hotuba hazina besi. Binti alikuwa mezani pake katikati ya ukumbi, akiona kisogo cha mzee. Mpango wa vyombo haukumtia hofu tena. Alingoja jambo moja tu, uso wa mzee. Asiyejua, besi ikija, atashangaa.

Bendi ilipanda. Mpiga ngoma aligonga mara moja kujaribu, kisha wote wakaingia pamoja, na ile sauti ikapanda kutoka sakafuni. Watu elfu nne walishtuka, wakacheka, wengine wakasimama. Wakuu waliokaa karibu na mzee waligeuza vichwa huku na huku, wakaangalia dari, wakaangalia chini ya jukwaa, wakitafuta ilikotoka.

Mzee Sumaku hakuangalia huku wala huku. Aliweka kiganja kwenye mgongo wa kiti chake, akakiacha hapo kidogo, akakiondoa. Kisha akageuka polepole, akapita juu ya vichwa vya watu wote kwa macho yake, akamtazama binti yake moja kwa moja. Hakushangaa hata chembe. Akainamisha kichwa, na hakukiinua tena mpaka bendi ilipomaliza.

Moyo wa Binti Sumaku ulipasuka hapo. Watu walikuwa wakimpiga mabega kwa pongezi, meneja alikuwa akimpungia mkono kutoka roshani, besi ilikuwa tamu kuliko besi yoyote aliyowahi kuisikia, na yeye alikuwa akisikiliza kila kitu ambacho kingeweza kuwa chake siku zote.

Asubuhi iliyofuata alikwenda bandani. Mzee alikuwa ameketi juu ya boksi, hajashika kazi yoyote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeyafungua."

"Nimeyafungua." Alibaki amesimama mlangoni. "Baba, sema ulikosea. Sema hukujua, nami nitaamini, niende zangu."

Mzee alitazama mikono yake. Mlango wa kujitetea alikuwa amefunguliwa, ilibaki aupite tu. "Rangi sikosei mimi," alisema.

Basi akaeleza, bila kuulizwa. Zamani kabla binti hajazaliwa alikuwa na mwenzake, wakajenga maboksi pamoja, na mwenzake huyo akaondoka siku moja na nusu ya maboksi na wateja wote. Tangu hapo mzee aliapa kwamba atakayeondoka tena ataondoka na maboksi yasiyoelewana na mtu. Na kweli yalimlinda. Wezi walioyaiba waliyarudisha wenyewe, wakisema yamelogwa.

"Mimi niliiba nini?" Binti Sumaku aliuliza. "Yale ya samawati ulinipa kwa mkono wako. Siku ya harusi yangu."

"Siku ya harusi ndiyo siku uliyokuwa unaondoka."

Alilisema kama anavyotaja kipimo cha ubao. Binti alishika mwimo wa mlango. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, amejiandaa kwa hasira, na hata kwa machozi ya mzee. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Nililia hapa," alisema. "Hapo ulipokaa. Nilikwambia sijui kazi, nilikwambia mimi ni bure, ukanipangusa machozi."

"Nilikupangusa."

"Ukijua."

"Nikijua." Mzee alishika ile sumaku ya mfukoni. "Ulirudi nyumbani, mwanangu. Nilifurahi umerudi. Mungu anisamehe, nilifurahi."

Tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyu aliujua kweli, akaufanya kamba ya kumfungia mwana.

Mzee akauliza, sasa kwa sauti ya fundi, "Umeyageuza yote?"

"Yote."

"Na yale mawili?"

"Na yale mawili."

Aligeuka akayatazama maboksi yake mwenyewe, yaliyopangana nyuma yake mpaka darini. "Basi," alisema polepole, "hayatapatana na yangu tena."

Binti Sumaku alikuwa amefikiria maboksi ya Kobe, ya ukumbi, ya mafundi asiowajua wa miji asiyoijua. Ya baba yake hayakumjia kichwani hata mara moja. Dawa ilikuwa rahisi: kuyafungua na haya, kugeuza waya, asubuhi moja ya kazi. Bisibisi ilikuwa kwenye mkoba wake. Mzee alijua, na yeye alijua. Binti alingoja aombwe. Mzee alingoja aambiwe. Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni, wakausikiliza wote wawili mpaka ukapotea.

"Naenda ukumbini, baba," alisema mwishowe.

"Nenda, mwanangu."

Hakumuuliza atarudi lini.